Tiyo Zenye Koti

Mwaka wa 1994 nilikuwa na miaka makumi mbili na tano, na shida yangu ilianzia pale. Shamba letu la maharagwe lilikuwa kando ya barabara ya Rutshuru. Wakimbizi waliopita mwaka ule kutoka ng'ambo ya mupaka kila mutu aliwaona, sitawaeleza. Waling'oa maharagwe yakiwa mabichi, wakakata miti, wakalala kati ya matuta tuliyolima, na wengine hawakuamka. Siwalaumu. Lakini vita ilikuja nyuma yao, na sisi nasi tukashuka Goma, mimi na mama, na godoro moja, na baramini ya baba, yaani ile fimbo nzito ya chuma ya kuvunjia mawe. Nilikuwa nimesoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri, basi. Nasema hivyo mapema ili watu wenye madiplome wajue ni nani anayeongea nao.

Baramini ndiyo ilinipa kazi. Patroni mumoja, tajiri wa muji, alikuwa anajenga stasioni ya mafuta upande wa Mapendo, akatafuta watu wa kuchimba shimo la matanki. Goma hakuna kuchimba, kuna kuvunja. Chini ya kila nyumba ni makoro, yale mawe meusi yaliyokuwa moto zamani, na ndani yake muna mapango, na nyufa, na sauti. Tulikuwa watu kumi na wawili, na shimo lilikula miezi mitano. Siku moja, shimo likiwa limeshanipita kichwa, niliinua macho nikaona mutu amepiga magoti pale juu. Amevaa kabuti ya mvua na jua linawaka. Ananusa jiwe nililotoka kulivunja. Hakunusa haraka kama mutu anayenunua samaki. Alifumba macho, akanusa muda murefu, kisha akatia kipande katika chupa ya mayonezi, akafunga kifuniko, akaizungushia kamba yenye mafundo matatu, akaondoka bila salamu.

Niliuliza ni nani yule. "Achana naye," mwenzangu akasema. "Ni mulozi wa tiyo."

Sisi tuliofanya kazi naye tulimwita Muzee wa Tiyo, yaani wa mabomba ya mafuta. Alikuwa na jina lingine la kanisani, lakini sijawahi kusikia mutu akilitumia, hata bibi yake. Bibi huyo, mke wake, alimwita "baba wa chupa", kwa sababu chumba chao cha kulala kilijaa zile chupa za mawe, zimepangwa kwenye mbao kutoka chini hadi juu. Alikuwa amekusanya mawe ya kila stasioni aliyoijenga muji huu, kabla tone la kwanza la mafuta halijaingia. Nilimuuliza siku moja zinasaidia nini. Akasema ukitaka kujua jiwe limeanza kunuka, ni lazima ukumbuke lilinuka vipi likiwa safi. Mafundo ya kamba yalikuwa ndiyo maandishi yake; hakujua kusoma hata kiasi changu. Niliingia mule mara moja tu. Ungekaa mule dakika mbili ungeona kama zile chupa ndizo zinakunusa wewe.

Kazi yake ilikuwa hii. Mafuta yanakaa katika tanki chini ya ardhi, na yanapanda kwenye pompu kwa tiyo. Watu wote wanaogopa tanki, kwa sababu ni kubwa. Yeye hakuogopa tanki, aliogopa tiyo. Alisema tanki linalala, lakini tiyo inafanya kazi, ina maungio, inatikiswa na malori na mulima wetu wa moto, na hapo inapoungana ndipo itakuja kulia. Kwa hiyo kila tiyo aliivalisha koti. Tiyo ya chuma ndani, tiyo ya plastiki nene juu yake, na nafasi ya vidole viwili kati yao. Zote aliziinamisha kidogo kuelekea sanduku la chuma lililozikwa chini ya kifuniko. Tiyo ya ndani ikivuja, mafuta hayaingii ardhini. Yanabaki ndani ya koti, yanatiririka polepole, yanaanguka katika sanduku. Wewe kila asubuhi unafungua sanduku unaangalia. Likiwa kavu, unafungua stasioni. Likiwa na tone, unafunga vani, ile koki kubwa ya mafuta, hata kama foleni ya magari imefika kwa gavana.

Patroni alisema ni kupoteza plastiki. Nilikuwepo, nimeegemea baramini yangu. Muzee alimujibu bila kumuangalia usoni, maana alikuwa na tabia ya kuongea huku anaangalia chini, kama mutu anayetafuta sarafu:

"Patroni, fasi zingine mafuta ikivuja, udongo unalowa, unaiona. Hapa jiwe inakunywa. Itatembea chini ya manyumba ya watu, na wewe utaiona siku imechoka kutembea."

Patroni alinunua plastiki.

Ili mujue alivyokuwa, nianze na pua. Mutu anayefanya kazi kwenye esansi, yaani petroli, pua yake inakufa. Nilipoacha kuvunja mawe na kuwa pompisti, muuza mafuta kwenye pompu, baada ya mwezi mumoja sikuweza kutofautisha esansi na mazutu, ile dizeli, hata nikimwagiwa usoni. Muzee alitembea na jani la kabichi mufukoni. Kabla ya kufungua sanduku alilikunja, akalipasua, akalinusa kwa nguvu, akaangalia mulima, akangoja, ndipo akainama. Kabichi ilikuwa inaamsha pua. Kila juma mama mumoja wa sokoni alimpa majani ya nje, yale ya kutupa, akidhani ana sungura.

Kisha masikio. Jumapili, watu wakiwa katika misa ya pili na barabara imenyamaza, alifunga vani pande zote na kusukuma hewa ndani ya koti kwa pompu ya baiskeli. Kulikuwa na kisaa kidogo cha kupimia hewa. Alipaka maungio povu la sabuni, akakaa juu ya kopo la rangi kuangalia kama povu litapumua. Halafu alifanya lile jambo lililomuharibia jina. Alichukua chuma kirefu chembamba, akaweka ncha moja juu ya tiyo na ncha nyingine akaiuma kwa meno. Akapiga magoti, akaziba masikio kwa vidole, akafumba macho. Robo saa nzima. Alisema sikio linasikia muji wote, lakini meno yanasikia tiyo peke yake.

Wewe fikiria. Muchana, jua liko wima, majivu ya mulima yanaanguka polepole kama unga. Barabarani wanapita watu waliofukuzwa na vita, wenye magodoro kichwani, hawajui hata wako mutaa gani. Wanaona muzee mwenye kabuti amepiga magoti, ameuma chuma kilichotoka ardhini, na shavu lake linatetemeka. Mama zao waliwaziba watoto macho. Muji huu una watu wengi waliolala chini ya mawe bila kuzikwa vizuri, kila mutu anajua. Walisema anaongea nao. Walisema anawauliza ni nani anafuata.

Jina hilo lilimuuma. Mutu asikudanganye kwamba hakujali. Alikuwa Mukatoliki wa kukaa benchi la pili, na bibi yake aliuza unga sokoni, na unga hauuziki kwa mulozi. Siku moja pompisti mwenzangu, mutu wa maneno mengi, alimutania mbele ya wateja. Alimwambia, "Papa, leo wafu wamekusalimia?" Muzee alimushika mukono, akamupeleka mpaka kwenye tiyo, akamupa chuma, akamulazimisha auume. Yule mwenzangu alisimama baadaye, rangi imemupotea. Tulimuuliza alisikia nini, akasema maji. Chini kabisa, maji mengi, yanatembea. Aliacha kazi juma lile lile. Muzee alisema ni ziwa tu, na wengine ni mulima, ukizoea unawaacha waongee.

Hakuwa mutu wa kulingana na maneno yake. Yeye aliyevalisha kila tiyo koti alikuwa na nyumba yenye bati lililotoboka, na mvua ilipokuja alisogeza kitanda na si bati. Aliogopa moto kiasi kwamba bibi yake alipikia kwa jirani. Lakini tumbaku aliiramba, akaiweka chini ya mudomo, na alipotema alitema ndani ya kopo lenye kifuniko. Alisema hakuna mizimu, ni hewa na mafuta na maji tu. Na bado kila alipopita kando ya shimo lililo nyuma ya stasioni alivua kofia. Nilimuuliza anamusalimia nani. "Simusalimii mutu," akasema. "Naomba njia."

Sasa nifike kwenye shimo hilo.

Nyuma ya stasioni ardhi inashuka ghafula. Kuna bonde dogo la makoro, kina chake watu wawili mumoja juu ya mwingine, refu kama kanisa, na hakuna ndege anayetua mule. Vita ya Masisi ilipowaka tena, watu walikuja wakajenga vibanda vya shiti za plastiki kuzunguka ukingo wake, kwa sababu hapakuwa na mutu mwingine aliyepataka. Walikuwa familia nyingi. Walipika pale, walizaa pale.

Na hapa nieleze kitu kwa wasiokaa Goma. Sisi tuna mazuku. Ni hewa mubaya inayotoka ndani ya ardhi. Haina rangi, haina harufu, ni nzito, inalala mashimoni. Mbuzi akishuka anapiga magoti kama anayesali, na hainuki. Mutoto vilevile. Kwa hiyo ukiwa na shaka na shimo, unafunga taa ya kopo inayowaka kwenye kamba, unaiteremsha. Taa ikizima, mazuku iko, unapanda kijiti chenye kitambaa chekundu, hakuna mutu anashuka. Tulifundishwa hivyo na wazazi, na imeokoa watu wengi sana.

Mwaka ule muzee alishikwa na malaria akalala siku tisa. Aliniachia sanduku. Mimi! Kati ya wote alinichagua mimi, akanipa jani la kabichi na chuma chake, na akaniambia maneno manne: piga magoti, nusa, ngoja.

Sikupiga magoti. Nitasema kwa nini, na ni aibu ndogo ya kijinga. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na binti anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na rafiki zake wawili. Walikuwa wameanza kuniita bwana arusi wa mulozi. Nilikuwa na shati jeupe la kazi na nilitaka yule binti. Basi asubuhi nilifungua kifuniko nikiwa nimesimama, mukono mumoja mufukoni kama mukaguzi. Siku ya kwanza kavu. Siku ya pili nikaona maji kidogo chini ya sanduku. Ulikuwa wakati wa mvua. Nikasema mvua. Nikayachota kwa kopo, nikayamwaga kwenye mawe nyuma, jiwe likanywa. Siku ya tatu yalikuwepo tena, kidogo zaidi. Nikamwaga. Hivyo hivyo mpaka siku ya tisa. Pua yangu ilikuwa imekufa, na kabichi ilikuwa inaoza mufukoni mwa koti langu nyumbani.

Haikuwa mvua. Ungio la tiyo ya ndani lilikuwa limeachia. Na mutetemeko mumoja wa mulima, tuliouzoea hata hatukuamka kitandani, ulikuwa umepasua sanduku mahali lilipochomelewa. Nilichokiona kila asubuhi kilikuwa ni mabaki tu. Mengine yote yalikuwa yameshuka ndani ya mawe.

Siku ya tisa alasiri kelele zikaanza nyuma. Mbuzi alikuwa ameshuka shimoni akapiga magoti. Kuku wawili pia. Mama mumoja aliyekwenda kuchukua mbuzi wake alipanda akiwa analewa, anacheka, anashika kichwa. Watu wote wakasema neno moja. Mazuku imehama, imekuja kwetu.

Kapita, kiongozi wa vile vibanda, mutu wa makamo mwenye sauti ya kanisani, alifunga taa ya kopo kwenye kamba ya kuanikia nguo. Akawasha. Mimi nilikuwa mbele kabisa. Nilikuwa mutu wa stasioni, mwenye shati, waliniheshimu. Akanipa kamba niishike yeye arekebishe utambi. Pande zote za shimo mafiga yalikuwa yanawaka, ndiyo saa ya kupika, moshi umelala juu ya shiti. Watoto walikuwa wamejipanga ukingoni, miguu inaning'inia, wanangoja kuona taa izime. Taa ilikuwa inazunguka polepole mukononi mwangu. Nilianza kuiteremsha.

Mukono ulitokea nyuma yangu ukaikamata. Ulishika moto wenyewe, kiganja juu ya utambi, na ukabaki pale. Nilisikia ngozi inaungua. Muzee alikuwa amesimama na kabuti yake na blanketi ya malaria juu ya kabuti, anatetemeka muguu hadi kichwa, ila ule mukono haukutetemeka.

"Sogea," akaniambia.

Alilala kifudifudi ukingoni. Alitoa jani mufukoni, akanusa jani, akanusa shimo. Alipoinuka uso wake ulikuwa kama wa mutu aliyemungoja mugeni miaka mingi na sasa amesikia hodi. Akanisogelea sikioni.

"Sanduku iko kavu?"

Nikasema, "Iko kavu, muzee."

Aliniangalia. Kwa mara ya kwanza tangu nimujue aliniangalia usoni, si chini. Kisha akanigeuzia mugongo, akawaelekea wale watu, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Walilazimika kusogea ili wamusikie.

"Hii si mazuku," akasema. "Hii ni yangu. Miye njo niliiweka humu. Munaniita mulozi, haya, njo miye. Mutu akiwasha moto hapa siku tatu, hata kibiriti, hii kitu itapanda kwake, na itaanza na watoto."

Mama mumoja, aliyekuwa na sufuria ya fufu karibu kuiva, alichukua maji yake ya kunywa akayamwaga juu ya moto. Kisha jirani yake. Kisha ikawa kama mvua inayotembea kuzunguka shimo, tss, tss, tss. Kabla rozari moja haijaisha hapakuwa na moshi hata mumoja. Sijawahi kuona kitu kama kile. Watu mamia, watoto wana njaa, na hakuna moto, hakuna sauti, na juu yetu mulima peke yake ndio unatoa moshi.

Nilikimbia nikafunga vani. Muzee alikaa ukingoni siku tatu na blanketi yake, fimbo magotini. Watu wa vibanda walikula ndizi na unga mubichi ulioloweshwa. Walimuangalia kwa mbali. Mvua ya siku ya pili ilisaidia, na upepo wa ziwa. Siku ya tatu alishuka shimoni mwenyewe, akanusa pembe zote, akapanda, akasema wapike.

Siku ya ine walimupiga mawe.

Si wote. Lakini walitosha. Walivunja mulango wake na zile chupa zote, miaka yote ile ya mawe ikamwagika barabarani ikachanganyika na mawe mengine. Bibi yake alikaa sokoni juma zima bila kuuza hata kopo moja la unga. Kanisani benchi la pili likabaki nao wawili tu, yeye na bibi yake. Patroni akamwambia akae nyumbani kidogo, wateja wanaogopa. Yeye na bibi yake wakahamia Munigi, nje ya muji.

Na mimi nilinyamaza. Neno moja lingetosha. Ni esansi, ni mimi niliyeimwaga siku nane, muzee ameokoa watoto wenu. Nililitia mudomoni kila asubuhi na kila asubuhi nikalimeza, kwa sababu patroni angenifukuza, au angenipa kwa wanaume wenye bunduki, na mama alikuwa mugonjwa. Na tena niseme ukweli wote, patroni alinipa kazi ya muzee. Nilianza kupiga magoti. Nilijifunza kunusa. Nilikuwa hodari, sitajidai munyonge. Patroni alipokimbilia upande wa Butembo wakati wa vita nyingine, mimi ndiye niliyebaki na funguo, na baadaye niliinunua ile stasioni kwa jasho langu. Ila kilichokuwa hakinipi usingizi hakikuwa mafuta. Kwa nini alisema vile? Pua yake ilijua. Angesema tu neno la kweli, abaki na jina lake na benchi lake. Wangezima moto kwa esansi kama walivyozima kwa ulozi. Nilimuona kama mutu aliyejitupa bure, na nikajiambia basi kosa si langu peke yangu.

Miaka michache iliyopita vita ya Rutshuru ilisukuma watu tena, na vibanda vya shiti vikafika mpaka Munigi, mpaka kwenye kizingiti chake. Nikaenda. Nilichukua sukari na sabuni na nikaacha gari mbali. Alikuwa amekaa nje juu ya kiti cha plastiki, amekuwa mudogo, kabuti imemumeza. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Bibi yake alikuwa ameshafariki. Aligeuza pua kabla sijaongea, akasema, "Uko unauza mazutu sasa," na ilikuwa kweli.

Tulikaa. Nilikuwa nimekuja kusema, na sikusema. Hatua tatu kutoka kwetu mama mumoja wa vile vibanda alikuwa anauza makala ya kupikia kwa mafungu, na watoto wamemuzunguka, na alikuwa anawasimulia ili watulie. Alisema zamani, akiwa binti, walikimbia Masisi wakaishi Goma kando ya shimo. Na kulikuwa na mulozi mwenye kabuti. Alikuwa anakula moto kwa kiganja. Aliweka munyama wake shimoni, munyama asiyeonekana, aliyeua mbuzi wa shangazi. Alifunga moto wa watu wote siku tatu. Watoto walimusogelea zaidi. Muzee naye alikuwa anasikiliza, kichwa upande, kiganja chenye kovu juu ya goti, na yule mama hakumutambua.

Nikasimama. Nina miaka zaidi ya hamsini, nina watu wanaoniita patroni, na nilisogea mbele yake kama mutoto wa shule.

"Mama," nikasema, "ile haikuwa ulozi. Ilikuwa esansi. Ilitoka kwenye tiyo ya stasioni, na mimi njo niliimwaga, kisha nikanyamaza. Ingelipuka. Mwenye kabuti aliwaponyesha."

Alinitazama kutoka viatu hadi kofia. Hakukasirika. Alinihurumia.

"Papa," akasema, "usinifanye mujinga. Nilikuwa pale. Kama ingelikuwa esansi, si tungelishuka na mabidoni kuichota?"

Watoto walicheka. Na mimi nikaketi. Niliwaona. Niliona mamia ya watu wenye njaa wanashuka mule na mabidoni ya njano na makopo na sufuria, mama na wazee, kila mutu anataka lita moja ya kuuza barabarani, na mafiga yanawaka juu yao. Hawangelizima hata figa moja. Wangelikimbia kuiita familia yote.

Muzee alikuwa anacheka pia, bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka ndani ya kabuti.

"Nilinusa mawe nyuma ya stasioni siku ile ile, nikiwa nakuja," akaniambia. "Nilikuuliza sanduku ili nikupe mulango wa kutokea. Wewe ukaufunga."

"Nisamehe, papa."

"Mbona ulikawia hivi," akasema. "Lete ile sukari."

Tulikunywa chai. Yule mama wa makala alikuja kuomba kijiko cha sukari kwa mutoto wake, na muzee alimumiminia mwenyewe, kwa kupapasa, na mama akasema aksanti papa, Mungu akupe siku nyingi. Mungu hakumupa nyingi, alifariki baadaye kidogo. Wasimulizi wa ile hadithi wako sasa Bukavu, wako Uganda, wako kila fasi vita ilipowasukuma, na mimi sina gari la kuwafikia wote.

Leo niko na stasioni moja yenye pompu mbili. Matanki mawili, moja la esansi, moja la mazutu. Tiyo ine, zote zina koti. Masanduku mawili ya chuma yaliyochomelewa upya. Nyumba ya mbao yenye bati zima. Bibi mumoja, yule wa sambaza, na watoto watano, wane wako hai. Pikipiki. Gari bovu. Na kipande cha ardhi nyuma ya stasioni, pamoja na shimo lake. Watu wa shiti wamerudi kukaa pale tangu vita hii ya mwisho. Nimewakataza kuwasha moto upande wa chini. Hawaniulizi sababu, wananiogopa, na nimewaacha waniogope.